Nisindikize Mpaka Kona

Tarehe 3 Machi, mwaka wa thelathini na sita tangu niondoke

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako imefika, na picha ya chumba imo ndani yake. Nimeiegemeza kwenye kikombe hapa ninapoandika. Umesema chumba kiko tayari, kwamba siku hizi serikali hainizuii tena kurudi, na kwamba jibu langu unalitaka kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu tunaulizana hali tu na wote wawili tunajibu nzuri. Hapo umenishinda. Basi naandika: nakusudia kuja Desemba.

Utaona mwandiko umeyumba. Usiwe na wasiwasi. Nilijikwaa kidogo kwenye ngazi mwezi uliopita, na sasa naandikia kitandani, karatasi ikiwa juu ya kitabu kinene. Maisha yangu yote ya kazi, huko na huku, nimesahihisha maandishi ya watu kabla hayajachapwa, na sikuwahi kuona kitabu kinene kikiwa na faida kama leo.

Kuna binti anatumwa na hospitali kunifanyisha mazoezi. Ni mdogo kuliko binti yako, ana mikono ya mpishi wa shule na sauti ya karani wa mahakama. Hunishusha kitandani nikitaka nisitake. Lifti ya jengo letu ilikufa kabla ya mke wangu, nami nakaa ghorofa ya tatu, kwa hiyo kazi aliyonipa ni ngazi: nishuke mpaka mlango wa barabarani na kupanda tena bila kushikwa na mtu. Amesema nikiliweza hilo ndipo tuzungumze habari za safari.

Msalimie mpwa wangu. Nimefurahi kusikia sasa ndiye muuguzi mkuu wa zahanati.

Kakako,
Korongo


Tarehe 27 Machi

Kaka yangu Korongo,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili damu imenichemka. Wanakupandisha ngazi? Mtu wa umri wako, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, anapandishwa ngazi kama kibarua wa saruji? Huko hakuna watu? Hakuna hata jirani wa kukubeba?

Njoo nyumbani upumzike. Picha haikuonyeshi vizuri. Kitanda kipo dirishani ili uone barabara bila kunyanyua kichwa. Bafu limo humo humo. Ukutani nimefungisha kengele, ukiigusa inalia jikoni. Redio, maji, vitabu vyako vile vilivyosalia, vyote utavifikia kwa mkono ukiwa umelala. Nilimwambia fundi ujenzi, "Ndugu yangu akihitaji kutembea ndani ya chumba hiki, kazi yako ni mbovu."

Mimi mwenyewe wananitunza hivyo hivyo. Sinyanyui hata kikombe. Nikikohoa tu, maji yamefika. Watu wakipita wananiambia, "Bibi Sindano, wewe umezaa!" nami namshukuru Mungu. Ukija tutakaa barazani wawili, wewe kiti chako, mimi changu, tuwaseme wapita njia.

Afya yangu njema kabisa. Jana tu nimeshuka sokoni peke yangu, nikarudi na kapu limejaa, na njiani nikampitia fundi cherehani mwenzangu kumtania.

Humu ndani kuna karatasi ya huyo binti wa mazoezi. Mtafsirie neno kwa neno, usiilainishe.

Mdogo wako,
Sindano

(Karatasi iliyokunjwa ndani ya barua hiyo)

Kwa binti unayempandisha kaka yangu ngazi,

Salamu. Nakuuliza kwa adabu: wewe una babu? Na kama unaye, naye humpandisha ngazi? Sisi huku mtu akizeeka tunamwekea mto. Huyu ndiye aliyekuwa akitumwa dukani na kila mtu nyumbani kwetu, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Mbio zake alishazimaliza. Mwache akae.

Dada wa mgonjwa


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu Sindano,

Nimeitafsiri neno kwa neno, hata ule mto. Binti wa mazoezi aliketi ukingoni mwa kitanda akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akasema alikuwa na babu, na babu huyo aliwekewa mto. "Baada ya mto hakuinuka tena," alisema. Alipokuwa anavaa koti akaniuliza, "Dada yako mwenyewe, siku hizi huinuka kufanya nini?"

Nikaichukua barua yako nikaisoma tena. Unisamehe, kazi niliyoizoea haijaniacha. Katikati ya barua hunyanyui hata kikombe. Mwisho wa barua umerudi sokoni na kapu limejaa. Hizo ni sentensi mbili ambazo haziwezi kuchapwa kwenye gazeti moja. Niifute ipi?

Na usije ukasema nakuhoji peke yako, naanza kufuta ya kwangu. Sikujikwaa kidogo. Nilianguka, nyonga ikavunjika, wakanitia chuma. Nililala hapo kwenye ngazi mpaka mjane wa ghorofa ya nne aliposhuka kutupa taka. Lakini kilichonitisha zaidi kilikuja baadaye. Niliporudi kutoka hospitali mhudumu aliniletea kila kitu kitandani, nikaanza kupenda. Nikajikuta nakunywa maji kidogo kusudi nisipate shida ya kwenda msalani. Nilikuwa napunguza maisha yangu ili yaenee kwenye godoro. Huyo unayemgombeza ndiye aliyeliona hilo kabla yangu.

Nijibu ukweli, kama nilivyokujibu.

Kakako,
Korongo


Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ameisoma, ameikunja, ameikalia. Anasema hana la kujibu kwa mtu anayesahihisha barua za dada yake.

Sentensi ya kufuta ni ile ya soko. Mama hajavuka geti tangu harusi ya mdogo wangu, na siku hiyo gari lilimfikisha mlangoni. Hakuanguka, Mjomba, wala hakuugua. Hakuna kilichotokea. Tulimkalisha tu. Tulianza kumpokonya ndoo, ikafuata fagio, mwisho cherehani, tukisema ile ya kukanyaga kwa miguu inachosha. Vyote tulimpokonya kwa maneno matamu: "Kaa mama, umefanya kazi ya kutosha." Mara moja alionekana barabarani amebeba mfuko wa unga. Kabla hajafika nyumbani nilikuwa nimeshapigiwa simu kazini. "Wewe muuguzi, mama yako anabeba unga na wewe uko hai?" Niliona haya mbele ya wagonjwa. Wiki hiyo hiyo nikanunua kiti kikubwa chenye mito.

Na mimi ndiye ninayewaamsha kina mama kitandani kesho yake baada ya kujifungua! Nawaambia miguu inataka kazi, damu inataka mwendo. Nikirudi nyumbani nakuta miguu ya mama imekonda kuliko ya mwanangu, presha iko juu, na kumwinua kitini tunatakiwa wawili. Anasema ni uzee. Namwacha aseme hivyo, kwa sababu kama si uzee, basi ni sisi.

Anakungoja ili awe na mwenzake wa kukaa naye. Naogopa ukija Desemba mtakaa kweli. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Muuguzi


Tarehe 25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Usimshauri. Tangu utotoni mama yako hakuwahi kupokea ushauri. Alipokea uchokozi tu.

Nimemuuliza binti wa mazoezi, naye anasema hivi. Kiti mwachieni, ila vitu msimletee. Maji yakae jikoni. Mbele ya kiti pawe na meza nzito ya kushika anapoinuka. Mmoja wenu asimame karibu kiasi cha kumdaka, lakini mikono iwe nyuma mpaka ayumbe. Ainuke na kukaa, ainuke na kukaa, kila siku, hata kama kinachomwinua ni hasira.

Aibu ya majirani ibebe wewe. Mimi tangu niikimbie nchi nimebeba kubwa kuliko hiyo, na bado nakula na kulala.

Mjomba wako


Tarehe 27 Agosti

Kaka,

Shikamoo, ingawa hustahili. Mmenifanyia njama, wewe na mwanangu na huyo askari wako wa mazoezi. Usikatae.

Siku ya kwanza nilisema, "Maji." Hayakuja. Nikasema, "Jamani, nina kiu!" Binti yangu akajibu kutoka jikoni, "Yako huku, mama." Nikamwambia, "Sijauliza yako wapi!" Kaka, niliinuka kwa hasira, nikarudi kitini bila kupenda. Nikainuka mara ya pili nimeshika meza, nao wote wamesimama mlangoni mikono nyuma, kama wanafunzi wanaosubiri kuchapwa. Magoti yalitetemeka mpaka nikasikia bangili zangu zinalia. Nilifika jikoni. Nikanywa. Nikawaambia maji yenyewe yana harufu ya sufuria.

Hivyo hivyo, siku hadi siku, jikoni, ukumbini, uani, getini. Nilipoweza kuvuka geti nikasema sasa nakwenda sokoni, nimkomeshe Korongo. Unajua nini kilinirudisha? Heshima. Mwenye duka alitoka mbio: "Bibi! Kiti, leteni kiti!" Nikakaa, ningekataaje? Nikainuka, kinyozi naye akaacha kichwa cha mteja katikati: "Bibi, kwa jua hili? Kaa hapa." Mbele yake muuza mkaa ananipanguzia benchi kwa shati lake. Siku hiyo nilikalia viti vyote vya mtaa, na soko sikuliona. Mwisho wakanirudisha kwa pikipiki, na mtu mmoja akampigia binti yangu simu kumtukana.

Nikakata tamaa, sikufichi. Nikarudi kwenye mito yangu.

Halafu akaja Mwalimu kunijulia hali, yule aliyekuwa akileta sare za shule nishone. Naye siku hizi anatembea kwa kupapasa ukuta. Alipoaga nikainuka kumsindikiza, maana hata mtu aliyekufa nusu humsindikiza mgeni wake. Tulipofika getini nikasema, "Ngoja nikufikishe kona." Tukafika kona. Akasema, "Umenitoa mbali, siwezi kukuacha urudi peke yako." Akanirudisha. Getini nikamwambia, "Sasa wewe ndiye hukusindikizwa." Tukaenda tena! Mwenye duka akatoka na kiti chake. Nikamwambia, "Huoni nina mgeni?" Akatahayari, akakirudisha ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa, Kaka. Barabarani nikiwa peke yangu mimi ni kikongwe aliyetelekezwa na wanawe. Nikiwa na mgeni mimi ni mtu mwenye adabu zake. Hakuna anayeweza kumkalisha mtu anayesindikiza.

Kesho yake mimi na Mwalimu tukawa wageni. Tulikwenda kwa Dereva, yule wa lori la maji, ambaye tangu alipostaafu hajatoka chumbani. Tukanywa chai yake, tukaaga. Mkewe akasema, "Huyu haendi popote, miguu imekwisha." Nikasema, "Yaani tutoke humu wenyewe, kama paka waliofukuzwa?" Mzee aliona haya. Akasema, "Mama watoto, fimbo yangu iko wapi?" Alitufikisha mlangoni tu, akihema. Tukamwambia kesho tunakuja tena, na chai iwe na sukari.

Sasa jioni mtaa mzima unasindikizana. Wanatoka wazee ambao nilidhani tulishawazika. Binti yangu ananipima presha kila Jumatatu, inashuka, naye anatabasamu kama aliyefaulu mtihani yeye. Wajawazito wanafuatana nasi mpaka zahanati, kwa kuwa njia yetu ni hiyo hiyo; zamani walikuwa wakiogopa kwenda peke yao, wakangoja mpaka mambo yaharibike. Mjukuu wangu aliyenenepa kwa simu anatembea nami akitoka shule. Jana alisema, "Bibi, punguza mwendo." Kaka, nilitaka neno hilo litangazwe redioni.

Na sokoni nimekwenda kweli, kapu mkononi. Ile sentensi iache.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 18 Septemba

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako nimemsomea binti wa mazoezi kwa lugha yake, nikashindwa mahali pa kona, kwa sababu lugha yake haina neno moja la kusindikiza. Nilimweleza kwa mengi. Alisema kwamba shuleni kwao walisoma miaka yote ile na hakuna aliyewafundisha dawa hiyo. Anakuomba ruhusa aitumie.

Nami nimeshaanza kuitumia. Mjane wa ghorofa ya nne, yule aliyeniokota, hakuwa akitoka ila siku ya taka. Nilipanda kumshukuru. Nilipoaga nikasimama mlangoni, sikuondoka. Akauliza nina shida gani. Nikamwambia kwetu mgeni haondoki bila kufikishwa mahali. Alinitazama kama mwendawazimu, kisha akachukua shali yake. Tulishuka pamoja mpaka mlango wa barabarani, na tukapanda pamoja, na hakuna aliyenishika. Nilikuwa nimekwisha kufika juu ndipo nikakumbuka kwamba ule ndio mtihani wangu.

Mimi nilipoondoka kwetu sikusindikizwa na mtu. Haikuwezekana, kila aliyeonekana nami angeulizwa maswali na polisi. Nilipita kona ile nikijizuia nisigeuke. Nimeishi na jambo hilo kimya, sasa nalitaja tu ili ujue nilivyoisoma barua yako.

Naona fahari, Sindano. Nimesahihisha hotuba za wakubwa wengi walioahidi kuwainua watu. Wewe umewainua kwa kuwaaga.

Kakako,
Korongo


Tarehe 6 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Mvua zimeanza, na barabara imekuwa uji. Mwalimu aliteleza, namshukuru Mungu akaangukia kitu laini, yaani mimi. Tangu hapo binti yangu amekataza matembezi mpaka njia ikauke, na keshokutwa yake tu Dereva alishaanza kusema miguu imekwisha.

Tunahitaji mahali penye paa na sakafu kavu. Tumeuliza shule, hakuna nafasi. Tumeuliza zahanati, wanawapanga wagonjwa koridoni. Kwangu panatosha mahali pamoja tu. Fundi anasema akivunja ukuta wa kati, chumba chako na baraza vitakuwa ukumbi mmoja mrefu, mtu aende na kurudi, na pembeni atufungie bomba la kushika. Binti yangu atakuja na mashine ya presha mara mbili kwa wiki, na kina mama wenye watoto wachanga watapimiwa humo humo.

Nimewaambia wangoje. Nimewaambia chumba kina mwenyewe, na mwenyewe anakuja Desemba. Wameelewa. Dereva akasema, "Basi tutakaa." Alisema bila ubaya.

Ukija, njoo kwa moyo mmoja. Sasa tumejifunza, hatutakuwekea mto. Kengele nimeshaing'oa. Utatembea nasi kila jioni, na kwa miguu yako hiyo utatuacha nyuma. Lakini niambie kweli, Kaka, si kama kwenye simu. Kitanda kibaki au kitoke?

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 9 Novemba, mwaka ule ule wa thelathini na sita

Mdogo wangu Sindano,

Umeniuliza kwa upole usio wako, nikajua swali ni zito. Nimelikalia kidogo, kisha nikalitembelea, na hili ndilo jibu.

Kwanza watangazie watu kwamba kakako hakushindwa. Binti wa mazoezi ameandika kwa mkono wake kwamba naweza kusafiri popote. Fimbo natumia siku za baridi tu. Siyo miguu inayonizuia.

Niliitazama ile picha nikajaribu kutembea humo kwa mawazo. Kutoka kitandani mpaka dirishani nilifika vizuri. Nilipovuka geti nikapotea. Duka, kinyozi, muuza mkaa, zahanati, vyote umenieleza na siwezi kuviweka mahali pake. Barabara ninayoijua mimi ina jumba la sinema na kiwanda cha chapa, na wewe mwenyewe uliniandikia vilipobomolewa. Ningehitaji mtu wa kunionyesha njia ya kwenda kununua wembe. Mngenionyesha kwa furaha, na najua msingenikalisha. Lakini ningekuwa mgeni wako mpaka mwisho, na wewe ungenisindikiza kila ninapokwenda, kwa sababu nisingejua kwenda.

Hapa najua ngazi ipi imelegea. Asubuhi napanda kumchukua mjane, tunashuka tukiwagongea wengine: fundi saa wa ghorofa ya pili ambaye mgongo wake umepinda kama ndoano, na yule mama mwenye mapacha wachanga ambaye alikuwa akilia peke yake ndani. Tunazunguka jengo, tunafika kwa muuza magazeti, tunasema uongo kidogo, tunarudi. Wananiita kwa neno la lugha yao ambalo maana yake ni mtembeza watu. Miaka hii yote nilikuwa na anwani hapa, sikuwa na mtaa. Mtaa nimeupata uzeeni, kwa miguu, baada ya kuvunjika.

Nilipokuwa nimekatazwa kurudi, nilisema kila mwaka kwamba nitarudi, na nilikuwa mkweli. Sasa mlango uko wazi na ninaweza kuchagua, kwa hiyo inanipasa niseme kile nilichochagua.

Mwambie fundi avunje ukuta. Vitabu apewe Mwalimu. Bomba la kushika lifungwe usawa wa nyonga, siyo kifua. Binti wa mazoezi amenichorea, mchoro umo humu. Dereva asikubaliwe kukaa.

Huzuni ipo, sikufichi. Lakini nikikuwazia uko katikati ya ukumbi huo, unawafokea wazee wenzako wanyooshe migongo, na binti yako pembeni anawapima, na mjukuu wako anakuomba upunguze mwendo, fahari inakuwa kubwa kuliko huzuni, na hiyo ndiyo inayoishika kalamu hii.

Chumba ni chenu. Mimi sitarudi.

Kakako,
Korongo